Manowari za kigeni, mazoezi ya pamoja na boti zetu: jibu kwa dada wa Mikindani

Dada mmoja wa Mikindani kaniandikia meseji ndefu, naifupisha ili na wengine waelewe tunaongelea nini. Ana boti mbili za faiba, vijana wake wanavua huko nje ya Msimbati na wakati mwingine wanashuka mpaka karibu na mpaka. Anasema kila ikitangazwa kwamba manowari za India, sijui China, sijui Marekani zinafanya mazoezi na jeshi letu, pale pwani wanaposhushia samaki hakukaliki: mmoja anasema wamefuata gesi, mwingine anasema ni vita ya Msumbiji inahamia kwetu, mwingine anasema ni wakubwa wanatembeleana tu wale bajeti. Anachouliza: hayo mazoezi ni ya nini hasa, sisi wa Kusini tunapata nini, na siku boti yake ikikutana na hao jamaa vijana wafanye nini.

Salama dada yangu, pole na kelele za pwani. Nianze na gesi maana ndo inayopigiwa makelele zaidi na ndo rahisi kuimaliza. Gesi ya Mnazi Bay inapita Madimba na kwenda Dar kwa bomba tangu 2015, hiyo unaijua. Ile ya bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara, mfano kisima cha Zafarani kilichogunduliwa 2012, iko chini ya maji ya kina cha kama mita 2,500, na ukifika chini ya bahari bado kuna mwamba wa kutoboa. Manowari haina hata kifaa kimoja cha kuifikia. Kuitoa kunataka meli za kuchimba, mabomba na kiwanda kama kile kinachopangwa kujengwa Likong'o pale Lindi, na kazi hiyo haifanyiki usiku kwa kificho. Mtu akitaka kutuibia gesi ataiba kwenye mkataba, mezani, na hapo hahitaji mzinga.

Sasa mazoezi yenyewe. Yapo mengi na watu wanayachanganya. Kuna la Marekani linaloitwa Cutlass Express, hilo ni la ukanda wetu wa magharibi mwa Bahari ya Hindi na linazungukazunguka nchi za huku, mwaka mmoja Kenya, mwaka mwingine Shelisheli au Mauritius. Kuna la India, Tanzania na Msumbiji, la kwanza lilifanyika Dar Oktoba 2022, la pili Machi 2024 zikaja meli Tir na Sujata, sehemu ya bandarini ikafanyika Zanzibar na Maputo, halafu likafungwa Nacala. Ukiangalia ramani utaona meli inayotoka Zanzibar kwenda Nacala haina njia nyingine, lazima ipite mbele yetu, kwa hiyo kijana wako akiona kitu cha kijivu kinapita mbali asubuhi, si lazima iwe vita. Kuna la China na Tanzania na Msumbiji la mwishoni mwa Julai mpaka Agosti 2024, hilo lilikuwa na sehemu ya nchi kavu kule Mapinga, Bagamoyo, na sehemu ya baharini, China wakaleta meli Wuzhishan na Hefei. Na kuna lile kubwa la Aprili 2025 pale Dar, AIKEYME, India na jeshi letu ndo wenyeji, nchi nyingine nane zikaalikwa: Komoro, Jibuti, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Shelisheli na Afrika Kusini.

Kisheria ni hivi. Bahari ya maili 12 kutoka pwani ni kama nchi kavu yetu. Manowari ya kigeni inaruhusiwa kupita tu, kupita kwa amani bila kusimama ovyo, na ule mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 unasema wazi kwamba ikianza kufanya mazoezi ya silaha yoyote humo ndani basi huko si kupita kwa amani tena. Maana yake ukisikia zoezi limefanyika ndani ya maji yetu, ujue sisi ndo tumealika, hakuna aliyejileta. Kuanzia hapo mpaka maili 200 ni ukanda wetu wa uchumi, samaki na gesi ni vyetu ila meli za watu zinapita huru, na hapo nchi zinabishana mpaka leo kama mgeni anaweza kufanya mazoezi ya kijeshi bila kuomba. India hao hao walipoukubali mkataba 1995 walitangaza kwamba kwao mtu asifanye mazoezi kwenye ukanda wao bila ridhaa yao. Kwa hiyo hata wakubwa wenyewe hawaaminiani, usidhani ni wewe tu.

Ndani ya zoezi kunafanyika nini? Watu wanafikiria mizinga. Mizinga ipo, hasa siku ya mwisho wakija waheshimiwa na kamera, lakini ukiniuliza mimi hiyo ndo sehemu yenye faida ndogo kuliko zote. Kazi ya maana iko kwenye mambo yanayochosha kuangalia. Chukua drili ya kupanda na kupekua chombo, maana hiyo ndo inakuhusu wewe mwenye boti. Zinashushwa boti mbili za mpira zenye kasi. Moja inakaa pembeni inalinda, nyingine inakwenda ubavuni mwa chombo kinachokaguliwa. Kabla hawajagusa ngazi wanauliza kwa redio, chaneli 16 kwanza halafu wanahamia nyingine: jina la chombo, bendera ya nchi gani, umetoka bandari ipi, unakwenda ipi, mko watu wangapi. Wanaambiwa wote wakae mbele, mikono ionekane. Wakipanda wanahesabu watu, na hesabu ikipungua mmoja hakuna kinachoendelea mpaka apatikane. Wale wanaoigiza mabaharia wanaambiwa wawasumbue: mmoja anajificha kwenye injini, mwingine anajifanya haelewi lugha, mpishi anagoma kutoka jikoni. Halafu ndo kupekua, na hapa ndo vijana wengi wanafeli, kwa sababu mtu akiona mzigo anakimbilia kuufungua. Hapana. Piga picha kwanza mzigo ukiwa pale pale ulipo. Andika saa, andika mahali kwa GPS. Toa sampuli, fungia kwenye mfuko wenye namba, weka saini, na kuanzia hapo kila mkono unaopokea ule mfuko unaandikwa, nani kampa nani, saa ngapi. Ukikosa hatua moja, wakili wa upande wa pili akisimama mahakamani kesi imekwisha.

Nakueleza kwa kirefu hivi kwa sababu ya unga, yaani dawa za kulevya. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi kama maili 27 nje ya Mombasa, wakapekua wakakuta heroini kilo 1,032 imefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Zaidi ya tani moja. Wakaiteketeza baharini na jahazi likaachwa liende. Watu wanashangaa, imekuwaje waachiwe? Imekuwa hivyo kwa sababu pale ni nje ya maili 12 za nchi yoyote, manowari ile ilikuwa chini ya ule muungano wa manowari wenye makao yake Bahrain, na muungano una uwezo wa kukamata mzigo ila hauna mahakama. Anayekamata hana pa kushtaki, na mwenye mahakama, yaani sisi na Kenya, mara nyingi hana meli ya kufika mbali kiasi hicho. Na usifikiri hii ni habari ya Mombasa tu. Januari 2012 hapa hapa Lindi zilikamatwa kilo zaidi ya 200 za heroini. Njia inatoka pwani ya Makran huko Iran na Pakistani, inashuka na kaskazi, jahazi linakaa mbali halisogei, vyombo vidogo ndo vinatoka ufukweni kwenda kuchukua. Hivyo vyombo vidogo vinafanana na vyako dada.

Kwa hiyo zoezi la pamoja faida yake kubwa ni kuziba hilo pengo: mwenye meli kubwa anajifunza sisi tunataka ushahidi wa aina gani mahakamani kwetu, na askari wetu anajifunza kupanda chombo na kutunza ushahidi, na wote wawili wanajuana majina na namba za simu. Hii ya kujuana watu wanaidharau. Tuna kituo cha kupashana habari Dar es Salaam kilichowekwa chini ya yale makubaliano ya Jibuti ya Januari 2009 ya kupambana na maharamia, vingine vikawekwa Mombasa na Sanaa kule Yemeni. Karatasi ipo, kompyuta ipo. Lakini saa nane usiku ofisa wa zamu akipata habari ya jahazi lisiloeleweka, anampigia nani? Anampigia yule aliyekaa naye meza moja kwenye zoezi. Ndo binadamu alivyo.

Na si kwamba jeshi letu halina uwezo. Oktoba 2011 wakati maharamia wa Kisomali wameshuka mpaka kwetu huku, walivamia meli iliyokuwa inahudumia mtambo wa kutafuta mafuta karibu na Mafia, wanamaji wetu wakawakamata saba. Baada ya hapo, Februari 2012, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini zikatia saini kushirikiana kulinda huu mlango wa Msumbiji, na Afrika Kusini wakawa wanaleta manowari zao kufanya doria. Mwaka 2015 tukapokea meli mbili za doria, Mwitongo na Msoga, kutoka China, ukisikia hayo majina unajua yametoka wapi, kwao Nyerere na kwao Kikwete. Lakini pwani yetu ni kilomita 1,424 na ukanda wa uchumi ni zaidi ya kilomita za mraba 220,000, hesabu hiyo huhitaji kuwa admirali kuona kwamba meli hazitoshi, na zilizopo zina makao Kigamboni, na kutoka Kigamboni mpaka Msimbati ni mbali jamani, mafuta tu.

Hapo ndo nafika kwenye dukuduku langu mwenyewe. Sisi watu wa Mtwara na Lindi, nchi ambayo tunahitaji kufanya nayo mazoezi kuliko zote si India wala China wala Marekani, ni Msumbiji. Unajua yaliyotokea: Oktoba 2017 wale wapiganaji wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walivamia mji wa Mocímboa da Praia, Agosti 2020 wakaiteka pamoja na bandari yake na wakaishikilia karibu mwaka mzima, Oktoba 2020 wakavuka Ruvuma wakaingia Kitaya wakaua watu wetu, Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Agosti 2021 Wanyarwanda na Wamsumbiji ndo wakaikomboa Mocímboa. Jeshi la SADC, na vijana wetu wakiwemo, liliingia Julai 2021 likaondoka Julai 2024. Vita hiyo watu wanaisimulia kama ya msituni lakini sehemu yake ni ya baharini kabisa, visiwa, mikoko, mitumbwi inayosogeza watu na chakula usiku. Na hapo hapo katikati wapo wavuvi wetu waliozoea kwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, upande wa pili tangu enzi za babu zao, hawana habari na mpaka uliochorwa baharini kwa makubaliano ya 1988, wao wanafuata samaki.

Sasa mweke kijana wako kwenye hiyo picha. Injini imezima, maji ya bamvua yanamsukuma kusini, asubuhi anajikuta upande wa Palma. Askari wa kule anaona boti ya faiba, watu watano, hakuna namba ubavuni, hakuna karatasi. Atafikiria nini? Na wa huku akiona boti inakuja kutoka kule atafikiria nini? Ingekuwa mimi ndo napanga, ningeacha sherehe moja ya manowari, hela hiyo nikafanya zoezi dogo la mara mbili kwa mwaka kati ya Mtwara na Palma, halihitaji hata meli kubwa: boti za doria, redio, mtu wa uvuvi wa wilaya, polisi wanamaji, na zoezi lenyewe liwe ni boti moja ya wavuvi imepotea, tuone nani anampigia nani na inachukua muda gani. Wakubwa watahangaika na Kireno na Kiingereza kwenye redio, wakati wavuvi wa pande zote mbili wanaongea Kimakonde, Kimwani na Kiswahili wanaelewana vizuri tu, wakatumike hao.

Faida nyingine ambayo sisi wa Kusini tusiibeze ni ya majanga. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira, meli tatu za India zilizokuwa karibu ndo zikawahi kufika kuokoa watu, na mojawapo ilikuwa Sujata, hiyo hiyo iliyorudi kwenye zoezi la 2024. Mwezi uliofuata Kenneth akaja, tukaambiwa Mtwara tuhame sehemu za mabondeni, akakata kona akaangukia Cabo Delgado. Mei 2024 Hidaya akaja kweli, Somanga barabara ikakatika, Kusini yote tukakaa kama kisiwa. Barabara ikikatika hivyo, msaada mkubwa unapitia bandarini, na ile gati mpya ya mita 300 pale Mtwara si ya korosho tu. Meli ya kigeni inayojua kina cha bandari yako na inajua nani anapokea mzigo inafika mapema. Kupeana taarifa hizo nako ni sehemu ya zoezi, ila hakuna anayepiga picha.

Je wakubwa wana maslahi yao? Ah, wanayo, tena mengi. India hataki China azoee bahari ambayo jina lake limebeba, China anataka azoee, Marekani hataki yeyote azoee kumzidi, Wafaransa wako Mayotte hapo jirani na kampuni yao kubwa iko Afungi, kule kule Cabo Delgado, na ule mradi wa gesi. Kila mmoja akija anaangalia bandari yetu kwa jicho lake. Mimi sioni ubaya wa kufanya mazoezi na wote, na ndivyo Tanzania inavyofanya, leo huyu kesho yule, ila ningependa kusikia baada ya kila zoezi tumeachiwa nini: wakufunzi wangapi wetu wamefuzu, redio ngapi zimekuja, na ngapi zimefika huku chini badala ya kuishia Dar.

Haya, vijana wako wafanye nini.

Kwanza habari za zoezi la kufyatua risasi baharini hutangazwa kabla kwa mabaharia. Bahari yetu iko kwenye eneo ambalo mratibu wa matangazo hayo ni India, ukishuka upande wa Msumbiji ni Afrika Kusini. Meli kubwa zinayapata kwenye mitambo, mvuvi hayapati, huo ndo ukweli. Kwa hiyo muulize ofisa uvuvi au mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya ufukweni, na wao wakikwambia hawajui wasukume waulize, maana tangazo likifika bandarini mtu wa kulishusha mpaka Mikindani anaweza kuwa ni simu moja tu ya WhatsApp.

Wakiiona manowari, wasiifuate. Najua vijana wanapenda vidio. Boti ndogo inayokwenda kasi moja kwa moja kuelekea manowari, huko duniani watu wamelipuliwa kwa boti za namna hiyo, Aden mwaka 2000 meli ya Marekani USS Cole ilipoteza mabaharia 17 kwa boti ndogo iliyosogea ubavuni. Yule askari mwenye bunduki hajui kama wewe ni mtoto wa Mikindani. Wapunguze mwendo, washike njia moja inayoeleweka, wasipite katikati ya meli mbili. Kama nyavu ziko majini wasikate kwa hofu, wasimame waonyeshe kwa mkono nyavu ziko wapi.

Wakisimamishwa, wazime injini, wote wakae mbele mikono ionekane, aongee nahodha peke yake. Wasitupe kitu chochote majini, hata kama ni bangi ya mjinga mmoja au nyavu isiyoruhusiwa, maana kinachotupwa ndo kinachopigwa picha. Na wajue haki yao: ndani ya maili 12 manowari ya kigeni haina mamlaka ya kumkagua Mtanzania yenyewe, lazima awepo ofisa wetu au ridhaa ya serikali yetu. Wasigombane lakini, waulize kwa adabu ofisa wa Tanzania yuko wapi, wakumbuke saa na namba ya meli ubavuni, wakirudi waripoti.

Nje ya hapo, huko bahari kuu, kuna kitu nataka ukisikie vizuri. Sheria inaruhusu manowari ya nchi yoyote kusimamisha chombo kisicho na taifa. Boti isiyo na usajili, haina namba, haina leseni, ni rahisi sana kuhesabiwa hivyo. Wewe unaona TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, na halmashauri wanakusumbua na hela zao za karatasi, na mimi siwatetei, foleni zao nazijua, lakini ile namba iliyopakwa rangi ubavuni na leseni iliyowekwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha nahodha ndo inayosema hii boti ni ya Tanzania. Weka kwenye zote mbili. Na nakala piga picha ubaki nayo kwenye simu yako wewe uliyeko nchi kavu, maana chombo kikipotea, kituo cha uokoaji pale Dar wakipigiwa, wataanza kuuliza hivyo hivyo: jina, namba, rangi, watu wangapi, waliondoka saa ngapi, walikuwa wanaelekea wapi. Hilo la mwisho ndo wenye boti wengi hawalijui, kijana anaondoka usiku na tajiri yuko kalala. Mwambie nahodha akutumie meseji kabla hajapita Msangamkuu mtandao haujakata, aandike anavua wapi na atarudi lini.

Na taa, dada. Usiku boti zako ziwe na taa inayowaka muda wote, si karabai ya kuvulia dagaa tu inayozimwa mkimaliza. Manowari zikiwa zoezini kuna muda zinatembea zimezima taa zenyewe, na rada inaweza isiione faiba ndogo kwenye mawimbi ya kusi.